Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Matembezi ya Mafunzo katika Mji wa Bagamoyo

Utangulizi

Wanachuo wengi wanapokwenda mazoezi ya kufundisha hulalamika kwamba shule haina zana. Hakuna ramani, hakuna picha, vitabu ni vichache. Malalamiko hayo mara nyingi ni ya kweli. Lakini katika mji kama Bagamoyo mwalimu anayelalamika hivyo huwa amesimama ndani ya ghala la zana, na amelipa mgongo. Makala haya yanaeleza njia ya kufundisha Historia na Jiografia kwa matembezi katika mazingira ya shule. Njia hii sikuipata katika kitabu. Nilifundishwa na familia ya wageni waliokaa Dunda kwa mwaka mmoja tu, na ilinibidi kwanza nione kosa langu mwenyewe.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kawaida tunaitumia methali hii kwa habari ya karamu: mgeni akija, mwenye nyumba naye hupata kula vizuri. Katika ualimu ina maana nyingine. Mgeni huuliza kwa sababu hajui. Mwenyeji haulizi kwa sababu anadhani anajua. Mgeni akiuliza vizuri, mwenyeji hupona ugonjwa wa kudhani anajua.

Somo Lililonifundisha

Miaka michache iliyopita mwanachuo mmoja wa chuo chetu alikuwa akifundisha darasa la tano katika shule moja ya msingi ya Dunda. Mimi nilikaa nyuma ya darasa na daftari la kumkagua. Somo lilikuwa Historia, mada ni mji wetu. Mwanachuo aliandika ubaoni kwa hati nzuri: Bagamoyo ni mji wa kale, watumwa na pembe za ndovu vilitoka bara, jina la mji linatokana na maneno "bwaga moyo". Wanafunzi walinakili kwa utulivu.

Katika darasa hilo alikuwamo msichana aliyehamia muhula ule kutoka Kalemie, mji wa Kongo ulio ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Tanganyika. Baba yake alikuwa mhandisi wa maji aliyekuja kwa kazi ya mwaka mmoja, akaja na mkewe na watoto wawili. Msichana alinyosha mkono.

"Mwalimu, hao waliobwaga mioyo yao hapa walitoka wapi?"

"Walitoka bara," alijibu mwanachuo.

"Bara ya wapi?"

"Bara tu. Andika."

Msichana aliandika. Somo likaisha kwa wakati wake, ubao ulikuwa nadhifu, darasa lilikuwa kimya, nami nikampa mwanachuo yule alama nzuri.

Jioni ile nilikutana na baba wa mtoto njiani, kwa kuwa tulikuwa majirani. Tulisalimiana, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, binti yangu ameniuliza swali nami nimeshindwa kulijibu. Anasema wamefundishwa kuwa watumwa walitoka bara. Anataka kujua kama bara hiyo ni kwetu."

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Lakini maneno yale yalinichoma. Mimi ni mzaliwa wa Dunda. Nilicheza mpira karibu na Ngome Kongwe kabla sijajua kusoma. Hata hivyo, katika miaka yangu yote ya shule na chuo sikuwahi kujiuliza kwamba njia iliyoishia kwetu ilikuwa na mwanzo wake, na kwamba huko mwanzoni kuna watu, nao wana watoto, na mtoto mmoja wao alikuwa amekaa katika dawati la mbele. Alama ile nzuri sikuwa nimempa mwalimu bora. Nilikuwa nimelipa zawadi darasa la kimya.

Familia Ilivyotembea

Baba yule aliniambia kuwa kila Jumamosi familia hutoka pamoja kuutazama mji, maana hawatakaa sana na hawakutaka kurudi Kalemie bila kuujua. Akaniomba nifuatane nao. Nilikubali nikidhani ninakwenda kuwa kiongozi wao.

Jumamosi ya kwanza tulianza Karavanserai, jengo lililokuwa pumziko la misafara. Mama alimwuliza mlinzi mahali walipopikia watu wengi namna ile. Mtoto mdogo, wa darasa la pili, alihesabu hatua kutoka ukuta hadi ukuta. Msichana aliuliza ilichukua siku ngapi kutembea kutoka ziwani hadi hapa. Mimi sikujua. Nilikwenda kusoma, nikapata kwamba Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Ujiji Novemba mwaka uleule, yaani karibu miezi minane, kwa safari ya takriban kilomita 1,200. Alicheleweshwa na magonjwa na vita vilivyokuwa Unyanyembe.

Jumamosi ya pili tulikwenda Kaole, kilomita chache kusini ya mji. Huko yako magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yakiwa na nguzo. Msikiti wa kale zaidi unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Msichana aliona vishimo vya mviringo kwenye nguzo ya kaburi akauliza ni vya nini. Palikuwa pamepachikwa bakuli za kauri zilizotoka China. Kisha akauliza swali ambalo wenyeji hatuliulizi: "Kama huu ulikuwa mji wa bandari, bahari iko wapi?" Tulipotazama upande wa pwani tuliona mikoko. Mchanga na matope yaliletwa, mikoko ikaota, na maji ya kina yakasogea mbali na mji. Swali moja la mtoto lilifungua somo zima la Jiografia.

Jumamosi ya tatu tulikwenda Misheni, ambako mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kazi mwaka 1868. Hapo upo mnara wa kanisa la kwanza, ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja na hatimaye kuzikwa London. Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Akina Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao waliubeba mwili huo kwa miezi mingi, zaidi ya kilomita 1,500. Watu wengi husimama pale wakamfikiria Livingstone. Msichana aliuliza, "Na wale waliombeba, walipata nini?" Nikasoma tena. Wainwright alisafiri na mwili hadi Uingereza. Susi na Chuma walipelekwa huko baadaye. Na medali zilitengenezwa kwa ajili ya wafuasi wake, ingawa wengi wao walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Almuradi, kila Jumamosi nilitoka kiongozi nikarudi mwanafunzi.

Lililonivutia zaidi ni desturi yao ya jioni. Wakiisha kula, baba aliwauliza watoto mambo matatu: Umeona nini? Umeambiwa nini? Bado unauliza nini? Hakuna aliyeruhusiwa kuyachanganya. Mtoto mdogo akisema, "Nimeona mbuyu wenye miaka mia tano," dada yake alimsahihisha: "Umeona mbuyu. Miaka umeambiwa."

Kuona, Kuambiwa na Kusoma

Ndugu mwanachuo, katika maneno hayo ya mtoto kuna msingi wa kufundisha Historia. Maarifa ya mahali huja kwa njia tatu, na kila njia ina uzito wake.

Kwanza, yapo tunayoyaona. Unene wa ukuta, uelekeo wa kibla cha msikiti, mahali mikoko ilipo: haya mwanafunzi anaweza kuyapima kwa mikono na macho yake.

Pili, yapo tunayoambiwa. Wazee husimulia kuwa kisima cha Kaole hakikauki. Husimulia pia maana ya jina la mji. Wapo wasemao ni mahali mateka alipobwaga moyo kwa kukata tamaa, kwa kuwa baada ya hapo ni bahari tu. Wapo wasemao ni mahali mpagazi alipobwaga mzigo na kuutuliza moyo wake, maana safari imekwisha. Masimulizi haya ni mali ya jamii, na mwalimu hapaswi kuyadharau. Lakini ayataje kuwa ni masimulizi, na akitaja moja alitaje na la pili.

Tatu, yapo yaliyoandikwa. Kwamba Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao makuu ya koloni lao mwaka 1888 na kuyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891. Kwamba Abushiri bin Salim aliyeongoza upinzani wa pwani alinyongwa Pangani Desemba 1889. Haya yamo katika maandishi ya wakati ule. Hata hivyo maandishi nayo yana mwenyewe. Mwanafunzi azoezwe kuuliza nani aliandika, na nani hakupewa kalamu.

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulionya kuwa elimu tuliyorithi iliwafanya vijana waamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni au kwa watu waliosoma. Njia ya safu tatu hukiweka kitabu mahali pake: ni shahidi mmoja kati ya watatu.

Andalio la Mfano

Baada ya majuma mawili mimi na yule mwanachuo tulilirudia somo lake. Tulilipanga kama ifuatavyo, na kila mwalimu anaweza kulirekebisha kulingana na mahali alipo.

Darasa: la tano. Muda: asubuhi moja ya matembezi, na vipindi viwili darasani, kimoja kabla na kimoja baada.

Madhumuni: Mwishoni mwa somo kila mwanafunzi aweze (a) kutaja mambo matatu aliyoyaona, mawili aliyoambiwa na moja lililoandikwa kuhusu njia ya misafara, (b) kuchora njia hiyo kutoka Ziwa Tanganyika hadi pwani, (c) kuuliza swali moja ambalo bado halijajibiwa.

Zana: daftari lenye safu tatu, penseli, kamba yenye mafundo kila mita moja, na ndoo ya lita 20.

Hatua ya kwanza, kabla ya kutoka. Mwalimu asihadithie historia ya mahali. Akimaliza kusema yote darasani, wanafunzi watakwenda kuthibitisha tu, nao hawataona kitu. Kila kundi la wanafunzi watano lipewe kazi: mpimaji, mchoraji, mwandishi, mwulizaji, na "mgeni". Mgeni ni mwanafunzi anayetakiwa kujifanya kuwa ameingia mjini jana. Kazi yake ni kuuliza majina na sababu za vitu ambavyo wengine wamevizoea. Tulishangaa kuona kazi hii ndiyo iliyogombewa kuliko zote.

Hatua ya pili, matembezi. Tulifuata mwendo wa msafara wenyewe, kutoka upande wa bara kwenda pwani: Karavanserai, kisha Ngome Kongwe, kisha ufukweni kwenye soko la samaki. Katika kila kituo tulikaa nusu saa. Dakika kumi za kwanza hakuna anayesema. Wanafunzi hutazama, hupima na huchora. Dakika kumi za pili huuliza wenyeji wa mahali. Dakika kumi za mwisho mwalimu husema yaliyoandikwa, kwa mfano kwamba Ngome ilianza kujengwa kiasi cha mwaka 1860 ikiwa nyumba ya mfanyabiashara Mwarabu. Mwalimu huwa wa mwisho kusema. Hii ndiyo sehemu ngumu kwa mwanachuo, kwa sababu ametayarisha mengi na ulimi unamwasha.

Katika Karavanserai tuliitumia ndoo. Mzigo wa mpagazi aghalabu ulikaribia frasila mbili, na frasila moja ni takriban kilo 16. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20 hivi. Wanafunzi walikokotoa wenyewe kuwa mpagazi alibeba kama ndoo moja na nusu. Hapana aliyehitaji kuambiwa uzito wa ndoo, kwa kuwa kila mmoja amewahi kuteka maji. Hapo wakanyamaza, na ukimya ule haukuwa sawa na ule wa somo la kwanza.

Ufukweni, msichana wa Kalemie alipoona dagaa waliokaushwa alisema kwamba kwao huitwa ndagala. Wenzake wakacheka. Mwanachuo hakuwakemea wala hakumsahihisha. Aliliandika neno hilo katika safu ya "tumeambiwa", akawauliza wanafunzi majina mengine ya samaki waliyoyasikia kwa bibi zao. Yakapatikana mengi ambayo hayamo vitabuni, na kicheko kikawa maarifa.

Hatua ya tatu, kurudi darasani. Kila kundi lilisoma safu zake, na darasa likabishana kama jambo limewekwa katika safu yake halisi. Kisha tukachora njia ubaoni: Bagamoyo, Mpwapwa, Tabora, Ujiji. Mwanachuo akaacha chaki mezani, akamwomba msichana aendeleze. Alikuja mbele, akachora ziwa, akavuka, akaweka nukta upande wa pili, akaandika: Kalemie. Darasa la Bagamoyo likaona kwa mara ya kwanza kwamba "bara tu" ina majina.

Habari ya Utumwa

Hapo lile swali la awali likarudi, na safari hii halikukwepwa. Mwanachuo atakayefundisha pwani hana budi kujitayarisha kwa swali hili, kwa sababu katika darasa moja wanaweza kukaa watoto ambao mababu zao walikuwa mateka, wapagazi, wafanyabiashara na mabaharia. Yafaa azingatie mambo matatu.

Kwanza, aseme kweli yote. Ni kweli kwamba watu walitekwa, pamoja na watu wa Manyema na nchi nyingine za Kongo ya mashariki, wakaletwa pwani. Ni kweli pia kwamba wengi waliofika Bagamoyo katika karne ya 19 walikuwa wapagazi huru, hasa Wanyamwezi, waliofanya kazi kwa ujira. Mwalimu anayetaja minyororo peke yake huwanyima watoto habari za wafanyakazi hawa hodari. Anayetaja wapagazi peke yake huficha dhuluma.

Pili, asigawe darasa. Maneno kama "wazee wenu waliwauza wazee wao" hayana nafasi shuleni. Biashara ile iliwahusisha watu wa pwani na wa bara, Waarabu, Wahindi na wateja wa mbali waliotaka pembe. Watoto waliokaa mbele yako hawakuuza wala hawakuuzwa.

Tatu, aonyeshe kwamba historia haikuishia ufukweni. Mwaka 1873 Sultani Barghash alilazimishwa kutia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga soko la Unguja. Watu wenye asili ya Manyema waliendelea na maisha, na vizazi vyao wapo Ujiji, Dar es Salaam na kwingineko.

Mwanachuo alimjibu msichana hivi: "Uliniuliza walitoka wapi, nikakujibu vibaya. Baadhi yao walitoka kwenu, wengine Unyamwezi, wengine nchi nyingine. Wako waliokuja kwa nguvu na wako waliokuja kwa kazi." Msichana akauliza, "Wapo waliorudi?" Mwanachuo akasema, "Wapagazi wengi walirudi." Msichana akaandika. Mara hii hakuna aliyemwamuru.

Makosa ya Kuepuka

1. Kwenda bila kwenda kwanza. Mwalimu aitembelee njia yote siku chache kabla, aombe ruhusa kwa mwalimu mkuu na wasimamizi wa maeneo, na aulize habari za kiingilio.

2. Kusahau usalama. Ajue saa za maji kujaa na kupwa. Katika magofu, wanafunzi wasipande kuta wala kuingiza mikono katika mashimo. Pawe na maji ya kunywa, na mtu mzima kwa kila kundi moja au mawili.

3. Kufuata mbali. Si lazima kwenda Kaole kwa miguu na watoto wadogo. Mlango wa nakshi ulio mtaa wa pili, au fundi anayetia kalafati katika mashua, watosha kwa somo zima.

4. Kukosa adabu kwa wazee. Mzee atakayeulizwa aendewe siku moja kabla, na wanafunzi wafundishwe kuamkia kabla ya kuuliza.

5. Kugeuza matembezi kuwa tafrija. Yasipofuatwa na kazi ya darasani, wanafunzi watakumbuka andazi walilokula njiani na kusahau mengine yote.

Hitimisho

Mwaka ulipokwisha familia ile ilirudi Kalemie. Daftari la msichana lilikuwa limejaa mambo ya Bagamoyo ambayo wenyeji wengi hatuyajui. Mimi niliifungua upya karatasi ya ukaguzi wa somo lile la kwanza. Alama ya mwanachuo sikuibadilisha, maana kosa halikuwa lake peke yake. Lakini katika karatasi ninayotumia sasa nimeongeza swali moja: Je, mwanafunzi aliuliza, na alijibiwa nini?

Nawe utapangiwa shule, huenda mahali usipopajua. Usiuonee haya ugeni wako. Utumie mapema, kabla hujazoea.

Mazoezi

1. Chagua mahali pamoja palipo mwendo wa nusu saa kutoka chuoni. Andika safu tatu: niliyoyaona, niliyoambiwa, yaliyoandikwa. Safu ipi ni fupi kuliko zote, na kwa nini?

2. Tengeneza maswali matano ambayo mtoto mgeni angeuliza kuhusu mahali hapo. Yajibu yale unayoweza. Yasiyojibika utayatafutia jibu kwa nani?

3. Mwanafunzi wako anauliza, "Mwalimu, wazee wangu walikuwa watumwa au wenye watumwa?" Jadilini katika kundi jibu litakalosema kweli bila kumwumiza yeye wala mwenzake.